Somo kwa Makatibu: Ukibadili Msingi, Jenga Upya Vinavyoutegemea



Somo letu la mara hii lahusu kazi ambayo zamani ilikuwa ya mpiga chapa wa mjini, na ambayo leo imeingia katika ofisi za vyama vya msingi: kupanga kurasa za taarifa za chama kwa kompyuta. Hasa twataka kueleza jambo moja ambalo huwapotosha hata watu wenye ujuzi. Programu ya kupanga chapa inapobadilishwa kutoka toleo la zamani kwenda toleo jipya, viko vitu kadhaa vilivyotengenezwa kwa msingi wa toleo lile la zamani. Vitu hivyo havijibadilishi vyenyewe. Hapana budi vijengwe upya.

Huenda msomaji wa Rwamgasa akauliza: jambo hili lanihusu nini, mimi mkulima wa pamba au mchimbaji mdogo wa dhahabu? Lamhusu kwa sababu mwanachama hakai ofisini. Yeye hukiona chama chake kupitia karatasi anayopewa siku ya mkutano mkuu. Karatasi ikisema kwamba jedwali la hisa liko ukurasa wa 9, naye akifungua ukurasa wa 9 asilione, hatasema kwamba programu ina kasoro. Atasema kwamba katibu ameficha jedwali. Imani ya wanachama hujengwa kwa miaka mingi, na yaweza kuvunjika kwa ukurasa mmoja.

1. Mafunzo ya stensili

Makatibu wa zamani watakumbuka mashine ya kurudufu. Katibu aliandika rasimu kwa mkono, akaipiga kwa taipu juu ya stensili, kisha stensili ikafungwa kwenye mashine na wino ukapita. Kama kamati ilisahihisha rasimu baada ya stensili kukatwa, nakala zote zilizotoka ziliendelea kuwa na kosa lile lile. Rasimu ilikuwa sahihi, lakini stensili haikujua habari hiyo. Dawa ilikuwa moja: kukata stensili nyingine.

Hiyo ndiyo kanuni nzima ya somo hili. Kitu kilichotengenezwa kutokana na kitu kingine hubaki na sura ya siku kilipotengenezwa. Rasimu ni msingi na stensili ni tegemezi. Ukibadili msingi usibadili tegemezi, umebaki na kweli mbili katika ofisi moja.

Wachimbaji wa Rwamgasa wanaijua kanuni hii kwa njia yao. Karasha la kusagia mawe huzungushwa na injini kwa mkanda na puli. Mtu akinunua injini yenye mwendo mkubwa zaidi, akaacha puli ile ile ya zamani, ngoma itazunguka upesi kupita kiasi. Gololi za chuma zitashikamana na ukuta wa ngoma badala ya kuanguka juu ya mawe, na mawe hayatasagika sawasawa. Injini ni nzima na ngoma ni nzima. Kilichokosekana ni kupima upya vilivyo katikati yake.

Hata sheria zetu zafuata kanuni hiyo. Sheria ya Vyama vya Ushirika Namba 20 ya mwaka 2003 ilifutwa, mahali pake ikaja Sheria Namba 6 ya mwaka 2013. Chama ambacho masharti yake yalinukuu vifungu vya sheria ya zamani hakikuweza kukaa kimya. Masharti ni tegemezi wa sheria. Sheria ilipobadilika, masharti yalipaswa kupitiwa kifungu kwa kifungu.

2. Programu tunayoizungumzia

Mfano wetu mkuu utakuwa TeX, programu ya kupanga chapa iliyotungwa na Profesa Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1978, na mwaka 1982 aliiandika upya. Katika miaka ya 1980 Leslie Lamport alitengeneza juu yake mfumo uitwao LaTeX, ambao humrahisishia mwandishi kazi ya vichwa vya habari, majedwali, yaliyomo na marejeo. Programu hizi hupatikana bila malipo, nazo huweza kufanya kazi katika kompyuta ya zamani. Tangu mwaka 1996 hukusanywa pamoja katika mkusanyo uitwao TeX Live, ambao hutolewa upya kila mwaka.

Anayetumia programu ya kawaida ya kuandikia barua asidhani kwamba somo hili si lake. Je, hajaona kwamba akiongeza sura katikati ya taarifa, orodha ya yaliyomo hubaki na namba za kurasa za zamani mpaka aiagize ijisahihishe? Orodha ile ni tegemezi, na tabia yake ni ile ile.

3. Tabaka za jengo

Mfumo wa kupanga chapa ni kama nyumba: msingi, kuta, kenchi na bati. Tuzitazame tabaka zake moja moja.

Tabaka la kwanza ni injini, yaani programu yenyewe ifanyayo hesabu ya kupanga herufi katika mistari na mistari katika kurasa. Injini ya Knuth haibadiliki sana. Namba ya toleo lake huongezewa tarakimu moja kila mara, ikiikaribia thamani ya pai. Mwaka 2021 ilifika 3.141592653. Lakini ziko injini nyingine zilizotokana nayo, kama pdfTeX, XeTeX na LuaTeX, ambazo hubadilika mara nyingi zaidi.

Tabaka la pili ni fomati. Zamani kompyuta zilikuwa nzito. Kama injini ingesoma maelekezo yote ya LaTeX kila mara mtu anapotaka kupanga barua moja, angengoja muda mrefu. Kwa hiyo ilibuniwa njia ya kusoma maelekezo hayo mara moja tu, kisha kuhifadhi kumbukumbu yote ya injini katika faili moja. Faili hilo ndilo fomati. Ndani yake mna kiini cha LaTeX, na aghalabu mna ruwaza za kukata maneno mwishoni mwa mstari kwa lugha mbalimbali. Fomati ndiyo stensili ya mfumo huu. Imetengenezwa na injini fulani, kutokana na kiini fulani, siku fulani.

Tabaka la tatu ni orodha ya mafaili. Mfumo una maelfu ya mafaili. Ili usipekue folda zote kila mara, huweka daftari la majina na mahali yalipo. Ukiingiza kifurushi kipya kwa mkono wako bila kuandika upya daftari hilo, mfumo utasema kwamba kifurushi hakipo, na hali unakiona kwa macho yako.

Tabaka la nne ni orodha ya fonti, ambayo huieleza programu kwamba herufi za jina fulani zimo katika faili fulani.

Tabaka la tano ni programu wasaidizi, kama ile ipangayo faharasa na ile ipangayo orodha ya marejeo. Msaidizi na kifurushi chake huandikiana barua: mmoja huandika faili na mwingine hulisoma. Kifurushi cha biblatex na msaidizi wake Biber, kwa mfano, lazima wawe wa matoleo yanayoelewana. Ukibadili mmoja ukamwacha mwenzake, hukataa kusomana.

Tabaka la sita ni mafaili yanayozaliwa na taarifa yako mwenyewe: faili la yaliyomo, la marejeo ya kurasa, la faharasa. Hayo hayakuandikwa na mtu. Yamezaliwa na mara ya mwisho ulipoiendesha programu.

4. Kosa lenye kelele na kosa la kimya

Tegemezi likiachwa nyuma, matokeo huwa ya namna mbili.

Namna ya kwanza ni kosa lenye kelele. Injini mpya ikipewa fomati iliyotengenezwa na injini ya zamani isiyolingana nayo, hutangaza kwamba faili la fomati lina hitilafu nayo imekwama, kisha husimama. Mfano mwingine ulionekana tangu mwaka 2020. Katika toleo la LaTeX la Februari ya mwaka huo, sehemu kubwa ya maelekezo iitwayo expl3, ambayo hapo kwanza ilisomwa kando kama kifurushi, iliingizwa ndani ya fomati yenyewe. Tangu hapo, mtu aliyebadili kifurushi hicho bila kujenga upya fomati alikuta nusu moja ya maelekezo ni ya tarehe hii na nusu nyingine ni ya tarehe ile. Programu hulinganisha tarehe hizo, hueleza kwamba mafaili hayalingani, na kukataa kuendelea.

Kosa lenye kelele huudhi, lakini ni rafiki. Halikuruhusu kuchapa upuuzi.

Namna ya pili ni kosa la kimya, nalo ndilo la kuogopwa. Programu yaendelea, kurasa zatoka, hakuna onyo lililosomwa, na yaliyomo ndani si kweli. Tutaje machache:

(a) Ruwaza za lugha zimeongezwa katika kompyuta, lakini fomati haikujengwa upya. Isipokuwa kwa LuaTeX, ambayo huweza kuzisoma ruwaza wakati wa kazi, injini haitazitumia mpaka fomati mpya itengenezwe. Maneno yataendelea kukatwa kwa desturi ya lugha nyingine. Silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia kwa vokali: u-shi-ri-ka, wa-na-cha-ma, ng'o-mbe. Msomaji aliyejifunza kusoma ukubwani akikuta neno limekatwa mahali pasipo silabi, husita.

(b) Mtumiaji mmoja alijitengenezea fomati au orodha ya fonti yake binafsi katika folda yake. Mfumo mzima ukibadilishwa, nakala yake binafsi hubaki ya zamani, nayo ndiyo hutangulia kusomwa. Ni sawasawa na katibu mwenye rejista ya wanachama nyumbani kwake na nyingine ofisini: kila marekebisho ya ofisini hayamfikii. Jambo hili lilisumbua watu wengi, hata katika toleo la TeX Live la mwaka 2017 watunzaji wakaweka sharti kwamba mtu aseme waziwazi kama anataka kujenga kwa ajili ya mfumo mzima au kwa ajili yake peke yake.

(c) Toleo jipya limebadili kidogo nafasi baina ya mistari. Jedwali lililokuwa ukurasa wa 9 limesukumwa ukurasa wa 10, lakini faili la yaliyomo lililozaliwa zamani lingali lasema 9.

5. Mfano wa jina la Rwamgasa

Tuchukue mfano ulio karibu nasi. Jina la mahali petu huandikwa kwa namna zaidi ya moja. Ripoti za uchunguzi wa zebaki uliofanyika hapa chini ya mradi wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda, ulioanza mwaka 2002, ziliandika Rwamagasa. Kituo cha mfano cha kuchenjulia dhahabu cha Shirika la Madini la Taifa hujulikana kwa jina la Lwamgasa. Wengine twaandika Rwamgasa. Sababu yafahamika: katika matamshi ya watu wa Kanda ya Ziwa, L na R hupokezana.

Sasa tuseme katibu anatayarisha taarifa yenye faharasa ya majina ya vijiji na matawi. Kamati yaamua kwamba jina liandikwe kwa namna moja tu tangu mwanzo hadi mwisho. Katibu asahihisha kila mahali katika maandishi, aendesha programu mara moja, achapa. Katika kurasa, jina ni Rwamgasa. Katika faharasa, chini ya herufi L, Lwamgasa lingalipo pamoja na namba za kurasa za zamani, na chini ya R hakuna kitu. Mwanachama anayetafuta tawi lake chini ya R hatalipata.

Programu imetenda kama ilivyoagizwa. Faharasa hutengenezwa kwa hatua tatu: kwanza programu huandika maneno na kurasa zake katika faili, pili msaidizi huyapanga kwa herufi, tatu programu husoma orodha iliyopangwa. Katibu alifanya hatua ya kwanza tu. Ukurasa uliochapwa ulisoma orodha ya juma lililopita.

6. Hatua za kufuata

Makatibu wanashauriwa kuzibandika hatua hizi karibu na kompyuta na kuzifuata kwa mpangilio huu.

Hatua ya kwanza: Weka akiba. Nakili maandishi yote ya chama pamoja na nakala ya mwisho iliyochapwa vizuri. Hiyo ndiyo mizani yako ya kupimia matokeo. TeX Live ya kila mwaka huweza kuwekwa katika folda ya mwaka wake, hivyo usifute ya zamani mpaka mpya ithibitike.

Hatua ya pili: Badili vyote pamoja. Usichukue kifurushi kimoja cha mwaka huu na kukipachika katika mfumo wa miaka mitano iliyopita. Wakulima wa pamba watakumbuka kwamba mbegu mpya kutoka Ukiriguru ikichanganywa na ya zamani kwenye kiwanda cha kuchambulia, mbegu itokayo si hii wala si ile, na usafi wake hupotea.

Hatua ya tatu: Andika upya daftari la mafaili. Amri yake ni mktexlsr.

Hatua ya nne: Jenga upya fomati zote. Amri yake ni fmtutil-sys --all. Hatua hii huja baada ya ile ya tatu, kwa sababu mjenzi wa fomati hutafuta mafaili yake kwa kutumia daftari hilo.

Hatua ya tano: Jenga upya orodha ya fonti. Amri yake ni updmap-sys.

Mtu anayetumia msimamizi wa vifurushi wa TeX Live, aitwaye tlmgr, atakuta kwamba hatua ya tatu hadi ya tano kwa kawaida hufanywa na msimamizi huyo mwenyewe. Hata hivyo azijue, kwa sababu hafanyi hivyo kwa vitu ulivyoweka kwa mkono wako, wala hagusi nakala binafsi zilizomo katika folda ya mtumiaji. Nakala binafsi za fomati zitafutwe au zijengwe upya.

Hatua ya sita: Futa mafaili yaliyozaliwa na taarifa: ya yaliyomo, ya marejeo, ya faharasa. Usiogope. Maadamu maandishi yako yapo, hayo yatazaliwa tena. Lakini angalia sana usifute maandishi yenyewe.

Hatua ya saba: Endesha programu, kisha msaidizi wa faharasa, kisha programu mara mbili zaidi. Mara ya kwanza huhesabu kurasa na kuandika namba. Mara ya pili huzisoma namba hizo. Lakini kwa kuwa yaliyomo yenyewe huchukua nafasi, yaweza kusukuma kurasa mbele. Mara ya tatu hutuliza. Soma mistari ya mwisho ya kumbukumbu ya kazi: kama namba zimebadilika, programu huomba iendeshwe tena. Iendeshe.

Hatua ya nane: Linganisha na nakala ya akiba, ukurasa kwa ukurasa. Mtu mmoja asome kwa sauti na mwingine afuatilie kwa kidole, kama tufanyavyo kwa vitabu vya hesabu. Wapime hasa jumla za majedwali, majina ya wanachama na kila mahali palipoandikwa «tazama ukurasa».

7. Wakati wa kubadili

Iko hatari upande wa pili pia. Katibu akiisha kusoma somo hili aweza kusema: basi, sitabadili kamwe. Huo si ushauri mwema. Mwezi Mei 2006, mtunzaji wa mkusanyo uliokuwa ukitumika sana uitwao teTeX alitangaza kwamba hatautoa tena, akawashauri watu wahamie TeX Live. Waliochelewa walikuta kwamba kadiri miaka ilivyopita ndivyo vitu vingi zaidi vilivyohitaji kujengwa upya kwa mkupuo mmoja. Deni la matengenezo ni kama deni la pembejeo: halifutiki kwa kutolitazama.

Basi wakati mzuri ni upi? Si majuma ya mwisho kabla ya mkutano mkuu, wakati hesabu zimerudi kwa mkaguzi na wanachama wangojea. Wakati mzuri ni baada ya mkutano, taarifa ikiisha kugawiwa. Hapo katibu anayo nakala sahihi ya kulinganishia, na anao muda wa kukosea na kusahihisha. Afikirie pia gharama: mkusanyo mzima una ukubwa wa gigabaiti kadhaa, na kuupakua kwa vifurushi vya simu ni ghali. Vyama jirani vyaweza kushirikiana, kimoja kikapakua na kuwapa wenzake kwa diski.

Hatimaye kila chama kiwe na daftari dogo la kompyuta. Liandikwe tarehe ya mabadiliko, toleo lililotoka, toleo lililoingia, vilivyojengwa upya, na jina la aliyeikagua kazi. Makatibu hubadilika. Anayekuja asirithi mashine asiyojua imejengwa juu ya nini.

Ndugu Katibu, zamani wakulima wa Kanda ya Ziwa walianzisha ushirika wao baada ya kuchoshwa na mizani isiyoaminika ya wanunuzi wa pamba. Waliomba kipimo kinachosema kweli. Karatasi ya chama leo ni mizani ya namna hiyo. Kila kilicho juu yake kipimwe upya, kila msingi wake unapoguswa.

Maswali ya majadiliano

1. Eleza kwa maneno yako tofauti ya kosa lenye kelele na kosa la kimya. Lipi lina madhara zaidi kwa mkutano mkuu, na kwa nini?

2. Taja vitu vitatu katika ofisi ya chama chako, visivyo vya kompyuta, ambavyo lazima viandikwe upya kila masharti ya chama yanapobadilishwa.

3. Katibu amebadili toleo la programu, naye aona jedwali la hisa liko ukurasa wa 10, hali yaliyomo yasema 9. Afanye nini kwanza, na afanye nini baadaye?

4. Jina la kijiji au tawi lenu huandikwa kwa namna ngapi katika rejista, stakabadhi na mhuri? Kamati iamue namna moja, kisha iorodheshe kila mahali panapopaswa kusahihishwa.